Nililikinga bega, kitako kikapasuka

Mtulinga wangu wa kulia ulivunjwa na ng'ombe, si na bunduki. Nilikuwa nimepanda boda kutoka Gilgil nikirudi shambani, ng'ombe akakatiza barabara bila haraka yoyote, na kijana aliyekuwa akiendesha akaona heri mtaro. Nilifungwa bega wiki sita. Mfupa ukaunga, lakini uliunga na kinundu kidogo juu yake, pale pale kitako cha bunduki kinapokaa. Hasara yote ninayotaka kuwasimulia ilianzia kwenye kinundu hicho.

Najua kuna watakaouliza meneja wa ranchi ana shughuli gani na bunduki kubwa, ilhali uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977. Ranchi ninayoisimamia iko upande wa Elmenteita, na nyati hawasomi mabango. Mnyama akiharibu tunawapigia KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hiyo ni kazi yao. Bunduki ni ya ile nusu saa mbaya kabla gari lao halijafika, mchungaji akiwa amebanwa. Miaka 11 nimekuwa na cheti cha silaha, na sijampiga mnyama hata mmoja. Naomba Mungu iendelee hivyo. Lakini bunduki usiyoifanyia mazoezi ni fimbo ya bei ghali, kwa hiyo mara moja kwa mwezi huwa naenda uwanja wa shabaha.

Yenyewe ni .375 H&H, mtambo wake (kile chuma chenye boliti na chemba ya risasi) wa mtindo wa Mauser, kitako cha mbao ya mjozi iliyoiva rangi kama strungi. Niliinunua kwa meneja aliyenitangulia alipostaafu, baada ya vibali vya kuhamisha umiliki kupita kote vilikotakiwa kupita. Risasi za aina hiyo zilitolewa na kampuni ya Uingereza ya Holland & Holland mwaka 1912, na hazijapungua ukali tangu wakati huo. Kinachotoka mtutuni kina uzito wa gramu 19 na ushei, kikienda zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Bunduki nayo, kilo nne na kitu, inarudi nyuma kwa kama mita 5 kwa sekunde. Ukiwa na bega zima unasukumwa, unatikisa kichwa, unaendelea. Mimi na kinundu changu, siku ya kwanza baada ya kupona, risasi ya kwanza iliniletea machozi. Ya tatu niliifyatua macho yakiwa yamefumba. Nilipoenda kuangalia karatasi ya shabaha, tundu la tatu halikuwepo. Sikuligusa hata fremu la mbao.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na mgeni, mtu wa makamo kutoka Nairobi, amekuja na kifaa ambacho sikuwahi kukiona kwa macho. Ni fremu ya chuma inayokaa juu ya meza. Mbele ina kipumziko cha kulaza bunduki, nyuma ina bamba lililosimama ambalo kitako kinaliegemea, na katikati kuna sinia ya kuwekea uzito. Unaweka mfuko mzito kwenye sinia, unaegemeza bunduki, unafyatua. Teke la bunduki linabebwa na lile fremu, bega lako linaguswa tu. Alinikaribisha nijaribu na bunduki yake, ndogo kuliko yangu. Nilihisi kama mtu kanigonga begani kuniita.

Nilipiga picha nne kwa simu. Jumatatu yake nilikuwa Nakuru mjini kwa fundi wa jua kali, namwonyesha. Aliangalia picha, akapima hewani kwa mikono, akasema elfu sita na mia tano, njoo Ijumaa. Alichomelea skweya tyubu safi kabisa, akapaka rangi ya kijani, na kwenye bamba la nyuma akafunga kipande cha ndara kiwe mto. Sina neno baya juu ya kazi yake. Alifanya nilichomwambia. Ila mimi nilinakili umbo la kifaa, sikunakili kijitabu chake. Miezi baadaye yule mgeni aliniambia kijitabu kilichokuja na chake kinaonya juu ya kuzidisha uzito, na kwamba yeye kwa bunduki kubwa hupunguza. Mimi nilikuwa nimeona mfuko mmoja wa mchanga kwake, nikaona miwili itakuwa bora mara mbili. Ya kilo 25 kila mmoja.

Asubuhi ya kwanza na fremu langu ilikuwa raha tupu. Nilipiga risasi 20. Mwenye .375 anayesoma hapa amekwisha kutikisa kichwa, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayepiga 20 asubuhi moja. Risasi zenyewe zina idadi kwenye cheti, na kila moja inanigharimu zaidi ya chakula cha mchana cha watu wanne pale stendi. Lakini bega lilikuwa limenyamaza, matundu yalikuwa yamekusanyika yote ndani ya kiganja, na mimi nilikuwa mtoto aliyepewa baiskeli.

Pale uwanjani kuna mzee mmoja anayetunza shabaha na kutengeneza chai. Alianza maisha akiwabebea wawindaji bunduki, kabla ya marufuku, kisha akawa askari wa wanyamapori hadi kustaafu. Ananiita kijana ingawa nina mvi. Alikuja akasimama nyuma yangu kimya kwa risasi kama tano hivi, birika mkononi.

"Kijana, teke limekwenda wapi?"

"Limekwisha, mzee. Chuma limelimeza."

"Aa." Akamimina chai. "Na bunduki imelionaje?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Mwezi wa pili matundu yakaanza kutembea. Risasi mbili zinaingia mahali pamoja, ya tatu inakwenda kulia kiganja kizima, ya nne inarudi. Nililaumu upepo, na upepo wa Gilgil ni rahisi kuulaumu, maana unakuja na lile vumbi jeupe la upande wa Kariandusi linalokwama menoni. Nikalaumu risasi, nikabadilisha boksi. Kisha nikaanza kuzungusha vifundo vya darubini, kliki nne kushoto, kliki sita kulia. Kliki moja ya darubini yangu inahamisha tundu takriban milimita 7 kwenye mita 100, na nilikuwa nazungusha kana kwamba natafuta stesheni ya redio. Nilichoma risasi 14 hivyo. Nikiona mtu anafanya hivyo leo namshika mkono. Darubini nzima haihitaji kufukuzwa. Ukiiweka mahali, inakaa.

Kosa lingine nililigundua kwa bahati. Siku moja kulikuwa na foleni ya meza, nikapiga risasi mbili nimesimama, bunduki juu ya ile miti mitatu iliyofungwa pamoja ambayo mzee huwaazima watu. Zote mbili zilipiga juu kwa sentimita tisa. Nikafikiri ni mimi, ni kinundu, ni woga. Kumbe bunduki inaanza kusogea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Begani inasogea na kuinuka kwa namna moja, ikibanwa na kilo 50 za mchanga inasogea kwa namna nyingine. Nilikuwa nimeizero bunduki, yaani nimeipanga shabaha yake, kwa ajili ya meza. Nyati akija hanikuti mezani. Si lazima yako ipande kama yangu, nyingine hushuka au kwenda pembeni, lakini bunduki ambayo utaitumia begani ihakikishie shabaha yake begani, hata kama ni kwa risasi tatu tu za mwisho.

Ufa aliuona mama watoto. Nilikuwa nasafisha bunduki juu ya meza ya chakula, jambo ambalo halipendi, na alikuwa amesimama akingoja nimalize atandike. Akanyosha kidole.

"Unywele huo, toa."

Nikapangusa kwa kitambaa. Haukutoka. Ulikuwa mstari mwembamba, urefu wa kidole cha shahada, unaoanzia pale chuma cha mtambo kinapoishia nyuma na kushuka kwenye shingo ya kitako, pale unapozungushia mkono. Uzi wa kitambaa ulinasa. Nikaweka tone moja la mafuta juu yake na kurudisha uso karibu. Tone lilikaa sekunde mbili, kisha likaingia ndani, taratibu, kama maji kwenye ardhi ya Januari. Hapo nikajua si mkwaruzo. Nilikaa na ile chupa ya mafuta mkononi, na mama watoto, bila kusema neno, akaenda kutandika kitambaa cha meza upande mmoja tu.

Kurekebisha silaha si kazi ya kila mwenye patasi. Sheria ya silaha, Sura ya 114, inataka fundi aliyesajiliwa, kwa hiyo fundi wa samani hapa mtaani, hata awe hodari vipi, usimpelekee. Nilifunga safari ya Nairobi na pikapu, cheti mfukoni, boliti imetolewa na kuwekwa mbali. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungua skrubu mbili za chini, akainua chuma kutoka kwenye mbao, akaniita dirishani.

Chini ya mtambo kuna jino nene la chuma. Hilo jino ndilo linalotakiwa kubeba teke lote na kulikabidhi kwa mbao, likiwa limekaa kwenye shimo lake bila nafasi. Langu lilikuwa limeacha nafasi. Mbao ilikuwa imesinyaa kwa kiangazi baada ya kiangazi, skrubu zikalegea, nami sikuwahi kuzigusa kwa miaka. Basi kila nilipofyatua, chuma kilirudi nyuma kidogo kabla ya jino kukamata, na mkia wa mtambo ukawa unagonga shingo ya kitako kama kabari ya kupasulia kuni. Isitoshe, mbao pale nyuma ilikuwa nyeusi na laini. "Mafuta," alisema. Kumbe kwa miaka yote niliiweka kabatini mtutu ukitazama juu, na mafuta ya kusafishia yanateremka polepole hadi kwenye mbao na kuilainisha. Ukimaliza kusafisha, iache usiku kucha mtutu ukitazama chini juu ya kitambaa kikuukuu. Hilo peke yake lingeniokolea pesa nyingi.

"Kwa hiyo si fremu langu?" nikauliza, nikiwa na matumaini ya kijinga.

Akaniuliza niliweka uzito gani. Nilipomwambia, aliacha kufuta mikono.

Kwa maneno yake, kitako hicho kilikuwa kigonjwa, lakini begani kingeweza kuishi miaka mingine mingi. Bega linarudi nyuma. Mwili wote unarudi. Nilikipeleka mahali ambapo hakuna kinachorudi.

Maelezo mazuri zaidi nilipewa na mpwa wangu, anayefundisha fizikia huko Njoro. Nilikuwa nimemlalamikia kwamba kifaa kilichopunguza teke kimewezaje kuvunja kitu. Hakuniandikia hesabu. Alichukua kipande cha ubao na msumari, akaning'iniza ubao kwa kamba kwenye mti wa maparachichi.

"Mjomba, pigilia."

Nikapiga nyundo. Ubao ukakimbia, msumari ukaanguka. Kisha akauegemeza ubao ule ule kwenye ukuta wa zizi. Pigo lile lile, msumari ukaingia hadi kati.

"Nyundo ni ile ile, nguvu ni ile ile," akasema. "Tofauti ni kwamba ubao umekosa pa kukimbilia."

Bunduki yangu ilikuwa ubao. Baruti inasukuma nyuma kwa nguvu ile ile, uwe na fremu au usiwe nalo. Bunduki ikiwa huru, sehemu kubwa ya pigo inakwenda kwenye mwendo wake yenyewe, kisha bega linausimamisha polepole kwa umbali wa sentimita kadhaa. Ikiegemea fremu, bamba pamoja na kilo 50 zote vinageuka ukuta, na kati ya chuma cha mtambo na ukuta huo kuna kitu kimoja tu, shingo ya kitako, sehemu nyembamba kuliko zote na ambayo nyuzi za mbao mara nyingi hupita kwa mshazari.

Darubini nayo ina habari yake. Fundi alipofungua pete zinazoishika alikuta alama za mkwaruzo kwenye bomba, mbele ya pete na nyuma ya pete. Za upande mmoja hakuzijali. Bunduki kali ikiruka nyuma, darubini hubaki kidogo, na pete zisipokazwa vizuri hutambaa juu ya bomba. Za upande wa pili ndizo alizonionyesha. Hizo hutokea bunduki inaporudi kwa kasi na kusimamishwa ghafla, darubini ikataka kuendelea na safari, kama abiria aliyesimama kwenye matatu dereva anapokanyaga breki. Kitako changu kilikuwa hakigusi bamba sawasawa. Kile kipande cha ndara kilikuwa kimebonyea, na palikuwa na nafasi ya kama nusu sentimita. Bunduki ilikuwa ikikimbia nusu sentimita hiyo na kujigonga kwenye chuma, kila risasi.

Ndani ya darubini kuna bomba dogo linaloshikiliwa na springi na vile vifundo viwili, nalo ndilo linalosogea ukizungusha kliki. Darubini nyingi zimejengwa zivumilie pigo la kurudi nyuma. Pigo la kusimama ghafla, la upande wa pili, ni jingine. Ndiyo maana bunduki za upepo za springi, ambazo hata mtoto anaweza kuzipiga bila kuumia, zinasifika kwa kuua darubini. Pistoni yake ikifika mwisho inagonga na kuirusha bunduki mbele. Yangu ilipotikiswa sikioni ilitoa kelele ndogo, kama punje ya mchele kwenye kiberiti. Asubuhi za baridi ilikuwa na ukungu ndani ya kioo, na mimi nilikuwa nimeupangusa kwa nje wiki nzima nikishangaa hautoki. Maana yake gesi kavu iliyojazwa humo ilikuwa imetoka na hewa yenye unyevu kuingia.

Basi hesabu. Fremu elfu 6 na 500. Kitako, kuunganisha ufa kwa epoksi, kuweka pini ndani ya shingo, kumimina epoksi nyuma ya jino ili likae bila nafasi, na kuchonga upenyo wa unene wa kadi nyuma ya mkia wa mtambo ili usiguse mbao tena, elfu 28. Darubini haikutengenezeka, mpya ilinila elfu 72. Laki moja na elfu 6 na 500, bila kuhesabu mafuta ya pikapu wala risasi nilizozitupa kwa kuzungusha vifundo. Nilimwambia mama watoto elfu 80. Sasa atajua.

Kilichoniuma kuliko pesa ni kwamba woga haukuwa umeondoka. Baada ya matengenezo nilirudi begani, na risasi ya kwanza nikafumba macho kama siku ile. Fremu lilikuwa limenificha mimi mwenyewe miezi yote hiyo. Mzee wa uwanjani ndiye aliyeniponya, kwa njia yake. Alichukua bunduki, akawa ananikabidhi yeye, mara nyingine ina risasi, mara nyingine chemba tupu, bila kuniambia. Chemba ikiwa tupu na mtutu ukachovya chini wakati unafyatua, huwezi kumsingizia mtu. Nilichovya mara saba mfululizo. Baada ya wiki kadhaa ikabaki moja moja. Mazoezi ya kawaida sasa nayafanya na bunduki ndogo ya .22, na ile kubwa napiga risasi tatu, nanyanyuka, nakunywa chai, tatu nyingine, basi. Nimefunga raba nene kwenye kitako, na navaa koti lenye pedi. Na nimeacha kupiga kubwa nikiwa nimejiinamia mezani, kwa sababu ukikaa hivyo mwili hauna pa kwenda, nawe unakuwa ndiwe ukuta. Ukisimama, kiuno kinayumba, teke lile lile linakuwa nusu yake. Wenye bega zima hawataamini mpaka wajaribu.

Sijasema fremu hizi ni za kutupwa. Kwa bunduki ndogo, au kwa kubwa ukiwa na uzito mdogo ili fremu lote liteleze mezani linapopigwa, linasaidia, hasa ukitaka kujua kama kosa ni lako au la darubini. Hakikisha kitako kinagusa bamba kabla ya kila risasi, na weka mto mnene, si ndara. Likikataa kuteleza hata kidogo, limezidi uzito. Kabla ya yote hayo kaza skrubu za mtambo na za pete kwa spana inayopima mkazo. Za pete hazihitaji zaidi ya karibu nyutonimita 2, na ukizikamua kwa nguvu za mkono utabonyeza bomba. Mimi huchora kistari cha rangi ya kucha kutoka kwenye pete hadi kwenye bomba la darubini. Vistari vikiachana, kuna kitu kimetembea, na sipigi tena siku hiyo. Rangi ni ya binti yangu, nyekundu, na watu uwanjani wamekwisha kunitania vya kutosha.

Na ukishuku darubini, usiipigie risasi 14. Piga moja. Zungusha kliki 20 kulia, piga. 20 juu, piga. 20 kushoto, piga. 20 chini, piga. Tundu la tano lisiporudi karibu na la kwanza, peleka kwa fundi.

Fremu la kijani bado ninalo. Mwezi uliopita jirani yetu mwenye ranchi ya pili alikuja kuliazima kwa ajili ya bunduki yake ya .30-06. Nikampa, nikabaki na mifuko ya mchanga.

"Na uzito?" akauliza.

Nikampa mfuko mmoja wa unga wa ugali, kilo mbili, na nikamwomba aurudishe haujapasuka.